Ruzuku ya mbolea haiingii kwenye simu

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wenye mashamba Mkuranga, Kilosa au Kilombero huamini kwamba mkulima aliyesajiliwa hulipwa pesa ya ruzuku. Isipoingia kwenye simu, basi kuna mtu kaila. Inaeleweka, maana neno lenyewe linanukia fedha.

Katika mpango wa mbolea ulioanza msimu wa 2022/2023, ruzuku ni punguzo la bei. Tuseme mfuko wa kilo 50 unauzwa shilingi 100,000 sokoni na bei ya ruzuku ni 70,000 (hesabu ya mfano tu). Mkulima hulipa 70,000 kwa wakala wa mbolea, Serikali humfidia msambazaji 30,000. Mkulima hapokei hata senti.

Usajili hufanyika kijiji au mtaa lilipo shamba, si unakolala wewe. Hapo ndipo wengi wa mjini hukwama: daftari la usajili linasema ekari 2 ilhali shambani ni 10, na mgawo hufuata daftari. Au laini iliyoandikishwa ilishafungwa, hivyo ujumbe wenye namba ya mkulima, ile ya kununulia mbolea ya ruzuku, unapotea.

Kabla ya kulipa, muulize afisa ugani bei elekezi ya eneo hilo, kwani usafiri huibadilisha. Kagua mshono wa mfuko, upime kwenye mizani, udai risiti. Ukipata ujumbe wa kukutaka utume "ada ya kutolea ruzuku", huyo ni tapeli. Hakuna malipo ya kutolewa.