Majestic ya Vuga, kutokea chumba cha mashine

Ukisimama Vuga, Unguja, mbele ya jumba la sinema la Majestic, jicho linakwenda kwenye uso wake wa mtindo wa kisasa wa enzi zile. Mimi ni fundi wa mashine za sinema za mkanda wa milimita 35, na kila nipitapo pale nafikiria chumba kimoja tu, cha mashine.

Jumba la mwanzo lilifunguliwa 1921 kwa jina la Royal, kwa mchoro wa J. H. Sinclair, Mwingereza yule yule aliyechora makumbusho ya Beit el Amani. Baadaye likaitwa Majestic, na mapema miaka ya 1950 likateketea kwa moto. Tulionalo leo ni la 1955, kazi ya Dayalji Pitamber Sachania.

Sasa chukua picha ya Kihindi ya saa tatu. Haiji katika mkanda mmoja. Inakuja rili kwa rili, yaani vipande vya mkanda vilivyoviringishwa kila kimoja peke yake, na rili ya mita 600 hwenda kiasi cha dakika 20 tu, picha 24 kila sekunde. Kwa hiyo chumbani mna mashine mbili. Rili ikikaribia kwisha, kidoa cha ishara hutokea pembeni juu, upande wa kulia wa picha. Mwendesha mashine anawasha mota ya mashine ya pili. Baada ya sekunde chache kinatokea kidoa kingine: hapo anafunga mwanga huku na kuufungua kule. Akiwa hodari, steringi anaanza kuimba huku na kumaliza kule, na ukumbini hakuna aliyehisi kitu.

Zaidi ya hayo, nakala ya picha ilikuwa ghali, hivyo mara nyingine majumba mawili ya mji yalitumia nakala moja usiku mmoja. Jumba moja lilitangulia kuanza. Rili ikisha, inarudishwa mwanzo, kijana anaipakia kwenye baiskeli na kukanyaga mpaka jumba la pili. Pancha moja njiani ilitosha kuwaacha watu gizani wakipiga miluzi. Kwangu vijana wale ni sehemu ya historia ya sinema sawa na waliochora majumba, na inaniuma kwamba huwasikii wakitajwa.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba yalichukuliwa na serikali. Televisheni ya rangi ikaingia Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikifuatiwa na video, na viti vikabaki vitupu.

Yakizungumzwa matengenezo ya Majestic, hutajwa paa na uso wa jumba. Ni haki yake. Lakini naomba ukuta wa chumba cha mashine usizibwe wala kupigwa plasta kabla haujapimwa na kupigwa picha. Kwa kawaida kila mashine ina matundu mawili ukutani: moja la mwanga, na kando yake jingine dogo, la jicho la mtu aliyekuwa akingoja kidoa.