Fungu la chombo: dhana potofu kuhusu pesa za kijana anayejiajiri Lamu

Jioni ya Desemba, jeti ya Shela. Kijana amewateremsha wageni wake wa mwisho, na simu inaingia ujumbe wa M-Pesa: shilingi 6,000. Moyoni keshazihesabu zote kuwa zake. Katika dhana zote potofu nitakazozitaja, hii ndiyo inayotuumiza zaidi: kwamba pesa iliyoingia ni pesa yangu.

Ukweli wake wazee wetu waliujua zamani. Wavuvi wakirudi pwani hutoa kwanza gharama za safari, kisha kilichobaki hugawanywa mafungu, na chombo chenyewe hupata fungu lake kama mtu. Fungu lile haliliwi. Ni la tanga, la pamba ya kukalafatia, la deheni ya kupaka chombo. Sasa zirudie zile 6,000: tuseme petroli 1,800, baharia 1,000, fungu la chombo 1,200. Kijana amebakiwa na 2,000, basi. Kwa mpishi wa mahamri chombo ni jiko, kwa fundi ni cherehani, kwa wa bodaboda ni pikipiki. Liweke fungu hilo kwenye akaunti nyingine siku hiyohiyo, maana likilala pamoja na pesa za sokoni, asubuhi hulikuti. Mimi injini ilinifia Mei moja kati ya Mokowe na Lamu, na fungu lake nilikuwa nimeshalila tangu Januari. Wiki tatu sikufanya kazi.

Utasikia pia kwamba bajeti ni ya wenye mshahara. La, sisi ndio tunaoihitaji zaidi. Msimu wa upepo wa kaskazi huleta wageni. Masika na kusi huwaondoa, na hoteli kadhaa za Shela hufunga kabisa. Aliyebakiwa na 60,000 Desemba na 8,000 Mei asijione mtu wa 60,000. Jumlisha miezi yote 12, ugawe kwa 12, na hicho ndicho ujilipe kila mwezi, hata wageni wakiwa wamejaa.

"Mkopo wa simu ni asilimia ndogo tu." Itazame hiyo ndogo. M-Shwari, iliyozinduliwa 2012, hutoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, kabla ya ushuru. Ukikopa 10,000 umelipa 750. Ukirudia kila mwezi, mwaka ukiisha umelipa 9,000 na ile 10,000 bado unadaiwa. Kwa dharura ya siku mbili tatu naelewa. Kwa kuziba pengo la Mei, hapana. Na anayeikwepa riba, benki kamili za Kiislamu zipo Kenya tangu 2008. Aende akaulize masharti yao kabla ya shida kumfika.

Kodi nayo wengi huiona ni ya watu wa ofisini. Ukiwa na PIN, yaani namba ya mlipakodi, na una wajibu wa kodi, ritani ya mwaka hupelekwa kabla ya Juni 30 kupita. Kuchelewa ni faini ya 2,000 au asilimia 5 ya kodi, inayozidi kati ya hizo. Mauzo yakivuka milioni 1 kwa mwaka, hadi milioni 25, kuna kodi ya mauzo ya asilimia 3, inayolipwa kila mwezi. Inahesabiwa juu ya mauzo, si faida, kwa hiyo daftari ni lazima.

La mwisho ni la afya: "Bado kijana, SHA (bima ya afya ya serikali) nitalipa nikiugua." Tangu Oktoba 2024 mchango wa anayejiajiri ni asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, usiopungua 300 kwa mwezi, na hulipwa wa mwaka mzima kwa pamoja. Kwa kiwango cha chini ni 3,600. Mei, kiasi hicho hakipatikani. Januari ni safari moja ya kisiwa cha Manda Toto, na mimi pesa ya safari hiyo huilipa kabla sijafika nyumbani.