"Lakini sikuzimia, daktari": dhana potofu kuhusu kichwa katika raga ya ridhaa

Msimu wa raga ya ridhaa ukifika mwezi wa mwisho, madaraja yote huchemka kwa pamoja. Juu kuna timu zinazowania ubingwa wa taifa, katikati kuna zinazohesabu pointi za kupanda, na chini kuna zinazopigania zisishuke. Jumamosi mimi huwa pembeni mwa uwanja na mkoba wangu, Jumatatu huwa kliniki. Kote kuwili nasikia sentensi ileile: "Lakini sikuzimia, daktari."

Msimu huu nimeisikia kutoka kwa flanka (mchezaji wa ubavuni mwa skramu, yaani pale safu mbili zinaposukumana) wa daraja la tatu aliyemkaba mtu, akanyanyuka, kisha akaenda kujipanga kwenye mstari wa wapinzani. Nimeisikia kutoka kwa mchezaji wa nyuma wa timu ya wanawake aliyeniuliza mara tatu ndani ya dakika tano kama kipindi cha pili kimeshaanza. Makocha wananiambia hivyo, manahodha wananiambia hivyo, hata wazazi waliokaa jukwaani wananiambia hivyo. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo hapa ninazijibu kwa pamoja dhana potofu ninazozisikia kuhusu mtikiso wa ubongo na majeraha ya raga.

"Kama hakuzimia, huo si mtikiso wa ubongo"

Wanaopoteza fahamu ni takriban mmoja tu kati ya kila watu kumi wanaopata mtikiso, na huenda hata hawafiki hapo. Anayesubiri mchezaji azimie ndipo amtoe, anawaacha uwanjani wale tisa wengine.

Ubongo hauko ndani ya fuvu kama jiwe ndani ya sanduku. Ni laini, umezungukwa na maji, na kichwa kikisimamishwa ghafla au kikizungushwa kwa nguvu, nao husukumwa na kujipinda, na nyuzi za seli za neva zikavutika. Madini kama potasiamu na kalsiamu hupita mahali ambapo hayakupaswa kupita. Seli hutumia nguvu nyingi kurudisha hali yake, na saa hiyohiyo damu inayoziletea sukari hupungua. Hakuna kilichovunjika wala kinachovuja, ila ubongo unafanya kazi kwa nguvu usizokuwa nazo. Ndiyo maana hata pigo si lazima litue kichwani. Bega likimpata mtu kifuani akiwa amesimama wima, kichwa hurushwa, na hilo linatosha.

Basi tazameni nini, kama si kuzimia? Mtazameni anayechelewa kunyanyuka, anayeshika kichwa, anayeyumba hatua mbili za kwanza, anayesahau namba ya siri ya mpira wa kurusha aliyoitumia msimu mzima. Mtazameni mpole aliyeanza kumfokea refa na msemaji aliyenyamaza. Muulizeni: tuko uwanja gani? Hiki ni kipindi cha ngapi? Nani amefunga mara ya mwisho? Wiki iliyopita mlicheza na nani, na mlishinda? Mchezaji wa ridhaa anayejua msimamo wa kundi lake kwa kichwa, akishindwa kukumbuka mechi ya wiki iliyopita, tayari amekujibu. Lakini nisieleweke vibaya: kuyajibu yote sawasawa hakumrudishi uwanjani. Maswali hayo yanaweza kumtoa mtu, hayawezi kumrudisha. Dalili nyingine huja baadaye, usiku au hata siku ya pili: kichwa kuuma, kichefuchefu, mwanga kuumiza macho, usingizi kuharibika, hasira isiyo na sababu.

Hapa ndipo televisheni inapotuvuruga. Wachezaji wetu wanaona nyota wa kimataifa anatoka, anapimwa kichwa, anarudi baada ya dakika 12, na wao wanataka dakika 12 zao. Upimaji ule umewekwa kwa raga ya kulipwa tu. Kuna daktari aliyefunzwa kwa kazi hiyo, kuna video za kila pembe, kuna kumbukumbu za jinsi mchezaji huyohuyo alivyojibu vipimo akiwa mzima kabla ya msimu, na kuna vipimo vingine baada ya mechi na siku zinazofuata. Akionyesha dalili za wazi, hata hiyo nafasi ya kupimwa hapewi. Anatoka moja kwa moja. Kwenye madaraja ya ridhaa hakuna hata kimoja kati ya hivyo, kwa hiyo kanuni ni fupi: ukishuku, mtoe, na akitoka harudi siku hiyo. Ufaransa iliwapa marefa wa mashindano yake ya ridhaa kadi ya bluu kwa kazi hiyo. Ninaipenda kwa sababu moja: inamwondolea nahodha na kocha uamuzi ambao hawawezi kuufanya vizuri wakiwa nyuma kwa pointi mbili.

Ukiniuliza kwa nini nakuwa mkali, nitakusimulia habari za Rowan Stringer. Alikuwa na umri wa miaka 17, nahodha wa timu ya raga ya shule yake huko Ottawa, Kanada. Mei 2013 aligongwa kichwa katika mechi, akaendelea kuumwa, akagongwa tena siku chache baadaye. Aliwaambia marafiki zake. Alitafuta habari za mtikiso kwenye intaneti. Wazazi na kocha hawakuambiwa. Akacheza mechi nyingine ndani ya wiki hiyohiyo, akakabwa, akaanguka, na siku chache baadaye akafariki. Uchunguzi wa kifo chake mwaka 2015 ulitoa mapendekezo 49, na mwaka 2018 jimbo la Ontario likapitisha sheria yenye jina lake. Ubongo ambao haujapona ukigongwa tena unaweza kuvimba bila kuzuilika. Hutokea kwa nadra, na waliokumbwa wengi ni vijana. Kila ninapomwona kijana wa miaka 18 aliyepandishwa timu ya kwanza kwa sababu wakubwa wameumia, ninamkumbuka binti yule aliyejua kuwa kuna kitu hakiko sawa.

Halafu kuna hesabu ya ligi, ambayo kwa kweli ndiyo inayosukuma uongo wote huu. Wachezaji hawanifichi kwa ujinga. Wananificha kwa sababu ushindi ni pointi 4, kwa sababu kufungwa kwa tofauti ya alama 7 au chini huleta pointi ya bonasi, na kwa sababu wamesikia kwamba nitawafungia "msimu wote". Tuhesabu basi. Mwongozo ambao serikali ya Uingereza iliutoa Aprili 2023 kwa michezo yote ya ridhaa unasema mchezaji asirudi mashindanoni kabla ya siku 21, na asianze mazoezi ya kugongana kabla siku 14 hazijapita akiwa hana dalili. Ukiumia Jumamosi, unakosa Jumamosi mbili, na ya tatu ndiyo ya mapema kabisa ya kurudi ikiwa umepona. Katika kundi la timu 12 zinazocheza nyumbani na ugenini kuna mechi 22. Mbili kati ya 22. Na anayerudi bila kupona hapotezi mbili: ubongo uliochoka humchelewesha kuona na kujipanga, na utafiti wa wachezaji wa kulipwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta waliopata mtikiso na kurudi msimu uleule walikuwa na hatari kubwa zaidi kwa asilimia 60 ya kupata jeraha lingine la kuwaweka nje. Goti, bega, msuli wa paja. Kocha anayemharakisha mtu wake ili acheze nusu fainali anajitafutia pengo lingine.

"Picha ya CT ilitoka safi, kwa hiyo niko sawa"

Picha ya CT, yaani eksirei ya kompyuta, inatafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika. Mtikiso hauonekani humo. Niliyoyaeleza juu kuhusu madini na sukari hayana kivuli cha kupigwa picha. Picha safi ni habari njema sana, maana yake huhitaji daktari wa upasuaji usiku huo, lakini haikupi ruhusa ya kucheza. Wapo wanaoniletea bahasha ya picha kama cheti. Ninaisoma kwa makini, ninaishukuru hospitali, kisha ninarudi kuhesabu siku 21.

"Nitavaa kofia ya skramu"

Kofia hiyo laini inalinda masikio na ngozi ya kichwa, na kwa propu (wa safu ya mbele ya skramu) na wale wa safu ya pili naiunga mkono. Haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Australia walifanya jaribio kwa vijana zaidi ya 4,000, matokeo yakachapishwa mwaka 2009, na kofia hazikupunguza mitikiso. Tatizo langu ni yule anayejiona salama akiivaa na kuanza kuingiza kichwa mahali ambapo jana asingethubutu. Kinga ya meno nayo ivaliwe kila mazoezi na kila mechi, kwa ajili ya meno na taya.

"Huku madaraja ya chini hatuumizani"

Takwimu za vilabu vya Uingereza zilizochapishwa mwaka 2013 zinaonyesha kweli ngazi inahesabika. Kwa kila saa 1,000 za mchezaji uwanjani, daraja la juu la wasiolipwa kikamilifu lilikuwa na majeraha 21.7, la ridhaa 16.6, na la kujifurahisha 14.2. Tofauti ipo, lakini si ile watu wanayoifikiria. Tena hayo ni majeraha yaliyomweka mtu nje zaidi ya wiki nzima. Huko chini wanakutana kijana wa miaka 19 na baba wa miaka 41 aliyekosa mazoezi wiki tatu kwa sababu ya zamu za kazini, na mara nyingi hakuna mtu wa afya uwanjani. Timu inayopanda daraja, nayo ijue inapanda pia kwenye hatari, na ijiandae wakati wa mapumziko kabla msimu haujaanza.

"Asilale! Mfungieni chumba chenye giza!"

Alale. Kama anaongea vizuri, anatembea vizuri na hazidi kuwa vibaya, usingizi unamsaidia. Asiachwe peke yake usiku wa kwanza, asinywe pombe na asiendeshe gari. Akitapika tena na tena, akipata degedege, kichwa kikizidi kumuuma, akiishiwa nguvu upande mmoja au akiwa mgumu kuamka, ni hospitali papo hapo. Shingo ikimuuma sana akiwa bado chini uwanjani, msimwinue hata kama refa anataka mchezo uendelee.

Giza la wiki nzima lilishapitwa na wakati. Makubaliano ya wataalamu waliokutana Amsterdam mwaka 2022 ni kupunguza shughuli kwa siku moja hadi mbili, kisha kuanza kutembea na baiskeli ya taratibu mradi dalili zisiongezeke kwa kiasi kikubwa. Simu iwekwe kando siku hizo za mwanzo.

"Anayeumia ni anayekabwa"

Hii ni dhana ya makocha, na ndiyo inayofanya mazoezi ya kukaba yapewe dakika za mwisho watu wakiwa wamechoka. Uchunguzi wa matukio 611 ya kupimwa kichwa katika raga ya kulipwa, uliochapishwa mwaka 2017, ulikuta asilimia 76 yalitokea wakati wa kukaba, na kati ya hayo aliyeumia alikuwa mkabaji zaidi ya mara 70 kwa kila 100. Anayekaba akiwa wima hugonganisha kichwa na kichwa au kichwa na bega. Ufaransa ilishusha kimo cha juu kinachoruhusiwa kukaba hadi kiunoni kwa raga yake ya ridhaa mwaka 2019, na Uingereza ikakishusha hadi chini ya kifua msimu wa 2023/24. Nilikuwa pembeni wachezaji wakinung'unika kwamba mchezo unaharibiwa. Binafsi nataka waliopo wacheze hadi uzeeni, na ninaomba kila kocha afundishe kukunja magoti, kichwa kando ya mwili wa mpinzani, si mbele yake.

"Kujinyoosha kunatosha"

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo ninapowachosha wachezaji wangu kila wiki. Kukaa chini na kuvuta misuli dakika tano huku mnapiga soga si maandalizi ya raga. Kuna programu ya mazoezi, dakika 20 hivi, yenye kusimama kwa mguu mmoja bila kuyumba, kuruka na kutua, kubadilisha mwelekeo, na kukaza shingo. Ilijaribiwa kwenye shule za Uingereza: waliofanya mara tatu kwa wiki walipunguza majeraha kwa asilimia 72. Kisha ikajaribiwa kwa wanaume wa vilabu vya ridhaa, matokeo yakatoka mwaka 2018: majeraha ya miguu yalipungua kwa asilimia 40, mitikiso kwa 60. Haihitaji kifaa chochote.

Shingo ndiyo inayosahaulika. Weka kiganja kwenye paji la uso, sukuma, na kichwa kisisogee hata kidogo, hesabu hadi kumi. Kisha kisogoni, kisha kulia, kisha kushoto. Wiki za mwanzo jisukume mwenyewe kwa nusu ya nguvu zako. Baadaye mwenzako wa skramu akusukume. Wachezaji wa nyuma wafanye pia, kwa kuwa nao wanakaba. Yaanzeni siku ya kwanza ya mazoezi ya msimu mpya. Kila mwaka kuna klabu inayonipigia wiki ya mechi za mchujo ikiniomba niwaonyeshe, na shingo haijengeki kwa siku saba.