Kishona nguo kilichoacha kushona

Juzi tulirudi kutoka vilimani nyuma ya Mwanga, hapa Kigoma, mimi na wanafunzi wangu wanne, suruali zikiwa zimejaa kishona nguo kuanzia vifundoni hadi magotini. Tukaketi kwa mama ntilie, tukawa tunavichomoa kimoja kimoja. Mzee mmoja aliyekuwa akinywa chai pembeni akaniuliza, "Mwalimu, hivi vidude vinamsaidia nani?" Nikamwambia vinausaidia mmea wenyewe, kwa kuwa sisi ndio tuliowabeba watoto wake kutoka mlimani mpaka hapa. Akatafakari kidogo, kisha akasema, "Na kama hakuna wa kumbeba?"

Nimekuwa nikilizungusha swali hilo kichwani tangu siku ile, maana ndilo swali lililonifanya nipende mimea ya visiwa vya mbali, mimi niliyezaliwa kando ya ziwa, mbali kabisa na bahari.

Kwanza chukua mbegu moja uiweke chini ya lenzi (kitaalamu ni tunda kavu lenye mbegu ndani, ila kila mtu huiita mbegu, nami naiita hivyo). Juu yake kuna vijino viwili au vitatu, na kila kijino kimejaa vimiiba vidogo vilivyoelekea nyuma, kama ile ncha ya ndani ya ndoana inayomzuia samaki asichomoke. Kwa sababu ya meno hayo, jenasi nzima inaitwa Bidens, yaani "meno mawili" kwa Kilatini. Hiki chetu ni Bidens pilosa. Asili yake ni Amerika, na kimeenea Afrika nzima kwa kung'ang'ania watu, wanyama na mizigo.

Sasa twende Hawaii. Visiwa vile ni vya volkeno, viliinuka kutoka sakafu ya Pasifiki na havijawahi kuungana na bara lolote. California iko umbali wa karibu kilomita 3,800. Unguja ni habari nyingine: ilikuwa sehemu ya bara mpaka maji ya bahari yalipopanda baada ya enzi ya barafu, kwa hiyo ilibaki na mimea iliyokuwapo tayari. Hawaii ilianza na mwamba mtupu, ikangoja. Mwaka 1948 mtaalamu F. R. Fosberg alikadiria kwamba mimea yote ya asili ya Hawaii inayotoa maua, ambayo leo tunaihesabu kuwa spishi zinazokaribia 1,000, ilitokana na wageni 272 tu. Kisiwa cha Kauai, kikongwe kati ya visiwa vikubwa vya huko, kina umri wa takriban miaka milioni 5. Ukigawanya, unapata mgeni mmoja aliyefanikiwa kuota na kuzaa kila baada ya miaka 18,000 hivi. Ni hesabu ya haraka, lakini inatosha kuonyesha jinsi mlango ule ulivyo mwembamba.

Wageni wengi waliletwa na ndege: tumboni, kwenye tope la miguuni, au wamenasa kwenye manyoya. Charles Darwin aliwahi kuletewa mguu wa kwale ulioganda bonge la udongo. Akauvunja udongo ule, akaumwagilia maji, ikaota mimea 82. Tope la mguu mmoja tu!

Bidens nayo, kwa meno yake yale, inaelekea ilisafiri kwenye manyoya. Uchunguzi wa DNA unaonyesha kwamba jamii yote ya Hawaii ilitokana na mzazi mmoja. Leo watoto wake ni spishi 19 ambazo hazipatikani kwingine kokote duniani. Kuna inayoota kwenye majabali ya pwani inakorushiwa maji ya chumvi, kuna ya msitu wa mvua, na kuna ile ya Kauai yenye maua makubwa yaliyoumbwa kwa ajili ya ndege. Wenyeji huziita koʻokoʻolau na hupika chai kwa majani yake. Ajabu ni kwamba ukizipandikiza chavua spishi hizi zote 19, zinazaliana bila shida. Sura zimeachana sana, damu bado ni moja.

Na meno? Spishi nyingi zimeyapoteza. Nyingine zimebaki na vijino visivyo na vimiiba, nyingine hazina kabisa.

Sababu yake inaeleweka vizuri ukisimama kwenye kisiwa. Mbegu inayonasa kwenye manyoya ya ndege wa baharini itachukuliwa, na mahali pengi pa kuangukia ni maji. Iliyodondoka chini ya mama yake ndiyo iliyoota. Tena hapakuwa na mnyama wa kuibeba: mamalia wa asili wa nchi kavu huko ni popo tu. Kizazi baada ya kizazi, wasafiri walipotea baharini na wakaaji wakabaki. Hilo ndilo jibu ambalo sikumpa mzee: asipokuwapo wa kumbeba, mmea huacha kujiandaa kwa safari.

Watu wa Kigoma hawahitaji kwenda Pasifiki kulielewa jambo hili, kwa sababu kwa samaki ziwa ni kisiwa, maji yaliyozungukwa na nchi kavu. Tanganyika ina spishi zaidi ya 200 za jamii ya kuhe, na karibu zote hazipatikani kwingine.

Lakini mmea wa kisiwani haupotezi meno peke yake. Hawaii kuna jamaa wa rasiberi aliyebakiwa na miiba michache laini, na jamaa wa mnanaa wasio na ile harufu kali. Hapakuwa na mamalia wa kuwala, basi wangejilinda dhidi ya nani? Kisha nahodha Mwingereza James Cook akashusha mbuzi huko mwaka 1778, na nahodha mwingine, George Vancouver, akaleta ng'ombe mwaka 1793. Huko St Helena, katika Atlantiki, mbuzi walikuwa wameshafika tangu 1513. Kisiwa kile kilikuwa na mti ulioitwa mzeituni wa St Helena, ingawa ukoo wake ni wa mkunazi. Wa mwisho wa porini ulikufa mwaka 1994, na wa mwisho wa bustanini mwaka 2003. Hakuna tena. Hili huniuma kila ninapolifundisha. Mwenzake, uitwao mpingo wa St Helena japo ni wa ukoo wa mbamia na mbuyu, ulidhaniwa umekwisha hadi mwaka 1980, vilipoonekana vichaka viwili kwenye ukingo wa jabali, mahali ambapo mbuzi hawafiki. Vipandikizi vikachukuliwa, na leo imepandwa kwa maelfu.

Bidens pilosa nayo imeshafika Hawaii, ikiwa na meno yake yote, na sasa inaota visiwa vilevile na binamu zake wasio na meno.

Kesho kutwa tunapanda boti Kibirizi kwenda Hifadhi ya Gombe. Nimewaambia wanafunzi wakung'ute soksi na mapindo ya suruali nyumbani, na nitawakagua mmoja mmoja ufukweni kabla hatujapanda.