Rc na Rh: kwa nini themostati ina matundu mawili ya umeme

Ukifungua kifuniko cha themostati janja, kifaa cha kudhibiti joto na ubaridi wa nyumba, mara nyingi utakuta matundu mawili ya kuingizia umeme: Rc kwa upande wa ubaridi, Rh kwa upande wa joto. Nyumba yenye mtambo mmoja wa kupasha na kupoza ina transfoma moja na waya mmoja wa R, yaani unaoleta umeme kutoka kwenye transfoma hiyo, kwa hiyo matundu hayo huunganishwa kwa kipande kifupi cha waya kiitwacho jampa, au themostati yenyewe huyaunganisha kwa ndani.

Boila ya kupasha nyumba joto ikiwa kivyake na kiyoyozi kivyake, hesabu hubadilika. Kila mtambo huwa na transfoma yake ya kushusha umeme hadi volti 24. Nyaya za R sasa ni mbili, na jampa lazima itolewe.

Themostati, pamoja na intaneti yake na skrini ya rangi, kazi yake ya msingi ni swichi. Joto likihitajika inaunganisha Rh na W, waya wa kuagiza joto, boila inawaka. Ubaridi ukihitajika inaunganisha Rc na Y, waya wa kuagiza ubaridi, kompresa ya kiyoyozi inanguruma. Kuunganisha Rc na G ni kwa ajili ya feni. Umeme uliotoka kwenye transfoma fulani unatakiwa urudi kwenye transfoma hiyohiyo. Ukiacha jampa umezikutanisha transfoma zote mbili. Huenda lisitokee lolote kwa muda, ndiyo maana kosa hili hudumu bila kugunduliwa. Lakini kama nyaya zao za kurudia nazo zimekutana mahali, tuseme kwenye ethi (waya wa ardhini), na mawimbi ya umeme wao yanakwenda kinyume, volti 24 za huku na 24 za kule hujumlishwa kuwa 48. Fyuzi isipowahi kukatika, transfoma inaungua.

Waya unaosumbua watu zaidi ni C, wa kurudishia umeme unaoendesha themostati yenyewe. Boila nyingi huleta nyaya mbili tu, za Rh na W, kwa hiyo kwa kawaida C hutolewa upande wa kiyoyozi na kushirikiana na Rc. Usiuchukue kwenye transfoma ya boila ati kwa kuwa uko karibu. Pima kwa mita kati ya Rc na C: ikionyesha volti 24 au zaidi kidogo, ni ndugu, za transfoma moja. Ikikaribia sufuri wakati mitambo yote ina umeme, huenda C hiyo ni ya transfoma nyingine, au imekatika njiani. Rangi za nyaya usiziamini. Aliyefunga kabla yako alitumia alichokuwa nacho.

Kuna themostati zenye tundu moja tu la R. Hizo huhitaji rilei, swichi inayoendeshwa kwa umeme: themostati inaamsha rilei kwa umeme wa kiyoyozi, kisha rilei inaiwasha boila bila saketi hizo mbili kugusana.

Kabla ya kugusa chochote, zima mitambo yote miwili, maana kuzima mmoja kunaacha nusu ya nyaya zikiwa hai. Na ukikuta nyaya nene za volti 120 au 240, acha. Themostati ya volti 24 haifungwi hapo. Ukimaliza jaribu joto peke yake, halafu ubaridi. Kompresa ikichelewa dakika chache usianze kufungua nyaya upya: themostati nyingi huichelewesha makusudi ili kuilinda.