Dawa za VVU zianze lini?

Zamani jibu la swali hili lilikuwa namba. Mtu alikutwa na VVU, akaambiwa asubiri CD4, yaani seli za kinga kwenye damu, zishuke: kwanza chini ya 200, kisha mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likapandisha kikomo hadi 350, na mwaka 2013 hadi 500. Mwaka 2015 kikomo kikafutwa. Utafiti wa START ulifuatilia watu 4,685 ambao CD4 zao zilikuwa bado juu ya 500. Walioanza dawa mara moja walipungukiwa na hatari ya magonjwa makubwa au kifo kwa asilimia 57 kuliko waliosubiri. Kwangu mjadala huo umekwisha. Mwenye VVU anaanza dawa, hata kama hajisikii chochote.

Kilichobaki ni siku. Aanze ndani ya siku 7 tangu majibu yathibitishwe, na aliye tayari apewe siku hiyo hiyo. Mjamzito asicheleweshwe. Mtoto mchanga ndiye dharura kuliko wote: bila dawa, karibu nusu ya watoto wanaozaliwa na VVU hufa kabla ya kutimiza miaka 2.

Damu ya CD4 ichukuliwe, lakini dawa zisingoje majibu yake, isipokuwa dalili za kichwa zipo. Hapa ndipo ninaposisitiza sana. Kabla ya kidonge cha kwanza, uliza: kichwa kinauma bila kukoma? Shingo imekakamaa? Anaona vitu viwili viwili, au amechanganyikiwa? Huenda ni homa ya uti wa mgongo, na hapo haraka inaua. Kinga ikiamshwa ghafla na dawa za VVU hushambulia vimelea vilivyojaa kwenye ubongo, uvimbe unatokea, na ndani ya fuvu hakuna nafasi ya uvimbe. Ikiwa ni fangasi wa kriptokokasi, tibu fangasi kwanza, ARV (dawa za VVU) zifuate baada ya wiki 4 hadi 6. Ikiwa ni TB ya ubongo, subiri angalau wiki 4. Mwenye CD4 chini ya 200 apimwe damu kutafuta kriptokokasi hata kama kichwa hakimuumi.

TB ya mapafu haina kusubiri kwa namna hiyo: dawa za TB zitangulie, ARV ziingie ndani ya wiki 2. Kosa ninalolihofia hapo ni la dozi. Rifampisini, moja ya dawa za TB, hushusha kiwango cha dolutegravir, moja ya ARV, kwenye damu, kwa hiyo mtu mzima anahitaji dolutegravir miligramu 50 asubuhi na 50 jioni, na aendelee hivyo wiki 2 baada ya kumaliza rifampisini.

Mgonjwa aondoke akijua jambo moja zaidi: katika wiki za mwanzo homa au tezi zilizovimba zinaweza kujitokeza, kwa sababu kinga imeanza kuona maambukizi yaliyokuwa yamejificha. Arudi kliniki siku hiyo hiyo, na asiache dawa mwenyewe.