Kalori: hesabu huharibikia kwenye chupa ya mafuta

"Mwanamke anahitaji kalori 2,000 kwa siku, mwanaume 2,500." Huo ni wastani wa watu wengi, haukupimwa mwilini mwako. Kanuni inayotumika sana kukadiria kalori za mtu mmoja mmoja, ya watafiti Mifflin na St Jeor (1990), huzidisha kilo zako kwa 10, huongeza sentimita za urefu mara 6.25, hutoa umri mara 5, kisha mwanaume huongeza 5 na mwanamke hutoa 161. Mwanamke wa miaka 35 mwenye kilo 70 na sentimita 160 anapata 1,364, hizo ni za kuishi tu, hata angelala kutwa. Kama kazi yake ni ya kukaa, zidisha kwa 1.2: anafika 1,637.

"Programu ya simu imeshanihesabia." Imehesabu ulichoiambia, na mafuta hakuna anayeyataja. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120, nasi wengi tunamimina kwa jicho. Mchicha hauna kosa. Kosa ni ule mlio wa chupa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1992 uliwapima watu waliolalamika kwamba wanakula kidogo na hawapungui: walikuwa wakitaja karibu nusu tu ya walichokula.

Ugali nao una mtego wake. Gramu 100 za unga mkavu wa sembe zina kalori kama 360, ila gramu 100 za ugali uliokwisha kusongwa hazifikishi hata nusu, kwa sababu ya maji. Pima unga kabla haujaingia sufuriani, halafu gawanya kwa sahani.

"Nimekimbia, chapati mbili nimezilipa." Kama badala ya ile 1.2 ulishazidisha kwa kiwango cha mtu wa mazoezi, mbio hizo umezihesabu mara mbili. Tena Wahadzabe, wawindaji wa Ziwa Eyasi nchini Tanzania, wanaotembea kilomita nyingi kila siku, walipopimwa (matokeo yalitoka 2012) walionekana kutumia nishati sawa na watu wa mijini Marekani na Ulaya, ukizingatia ukubwa wa mwili. Kimbia kwa ajili ya moyo wako.

"Ukipita 30 mwili unazembea." Vipimo vya 2021 vilionyesha matumizi ya nishati hayabadiliki sana kati ya miaka 20 na 60.

Mjamzito, anayenyonyesha na anayetumia dawa za kisukari waanze kwa daktari. Wengine, jipime kila asubuhi, uchukue wastani wa wiki. Wiki tatu zikipita uzito haujasogea, basi kiasi unachokula ndicho mahitaji yako, kanuni iseme itakavyo.